Dubu Katika Shamba la Mananasi

Dubu nimemwona mahali pamoja tu, kwenye blanketi. Ni blanketi zito la manyoya nililoletewa na mwanangu wa kwanza, na kwa miaka mingi nilijifunika mnyama yule nikidhani ni mbwa aliyeshiba. Hakuna aliyenisahihisha. Nani angenisahihisha hapa Misugusugu, ambako dubu hana ndugu wala jirani?

Aliyekuja kunisahihisha ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu huyo huyo. Anaishi nami. Asubuhi anakwenda Dar, jioni anarudi, na kazi yake ni katika ofisi inayowanunulia watu hisa na kuwauzia. Nimemuuliza mara nyingi hisa inakaa wapi na ikinyeshewa inakuwaje. Amenieleza kwa upole, nami nimeshika hivi: ni kipande cha kampuni ambacho huwezi kukishika. Haya. Yeye ananiita bibi, mimi namwita mke mwenzangu, kwa kuwa babu yake, Mungu amrehemu, alitangaza kumwoa siku ile ile aliyozaliwa.

Jioni moja aliingia, akavua viatu mlangoni, akajitupa mkekani.

"Bibi, leo nimechoka. Soko lote ni la dubu."

Nilikuwa napepeta mchele. Barazani alikuwapo jirani yetu, mzee wa Kinyamwezi, mtani wangu, ambaye hufika kila jioni kunitukana kabla ya kwenda kula kwake.

"Dubu ndiyo nini?" nikauliza.

"Bei zikishuka, zikaendelea kushuka, na watu wakakata tamaa kwamba hazitapanda karibuni, tunasema soko la dubu. Zikipanda, watu wakiwa na matumaini, tunasema soko la fahali."

"Kwa nini dubu?"

"Dubu, yule wa kwenye blanketi lako ambaye si mbwa, akipigana hupiga kwa kucha kutoka juu kwenda chini. Fahali anasukuma kwa pembe kutoka chini kwenda juu."

Mtani akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nimechunga ng'ombe tangu sijavaa kaptula," akasema. "Fahali akitaka kukuua anaanza kuinamisha kichwa. Chini kwanza! Wazungu wako hawajakimbizwa."

"Mzee, si mimi niliyetunga."

"Na huyo dubu wao, Mzaramo akimwona atamtengea kiti aje kucheza ngoma."

"Nawe utambebea mzigo," nikamjibu. "Si ndiyo kazi iliyowaleta huku pwani?"

Akaondoka amefurahi. Mimi nikabaki na ungo mapajani, sijaelewa. Kama walitaka mnyama wa hasara, fisi alikuwa na kosa gani? Fisi tunamjua. Ngedere tunamjua. Mnyama wa kuogopesha watu lazima awe ameshakula cha mtu.

Mjukuu akaniambia ipo hadithi nyingine ya neno hilo, na huenda ndiyo ya zamani zaidi. Huko kwa Wazungu walikuwapo wafanyabiashara wa ngozi za dubu, na wengine walikuwa wanamuuzia mtu ngozi kabla dubu hajakamatwa. Wanaahidi leo, wanakubaliana bei leo, huku wakiomba moyoni ngozi zishuke bei ili wao wakanunue rahisi kwa wawindaji, wakabidhi, chenji ibaki mfukoni. Watu wa namna hiyo wakaitwa dubu. Hapo nikashtuka, kwa sababu hilo nililielewa. Hata mashambani kwetu wapo wanaofunga bei ya mananasi yangali mabichi.

"Kwa hiyo dubu ni soko au ni mtu?"

"Vyote, bibi. Soko linaweza kuwa la dubu. Na mtu anayeamini bei zitashuka, naye anaitwa dubu. Unaweza kusema, mimi juu ya kampuni fulani ni dubu."

"Na mtu huyo ana huzuni?"

"Si lazima. Anaweza kuwa anapata faida."

"Anafurahia wenzake wakilia?"

"Bibi, ni mawazo tu juu ya bei."

Nikamwambia akaoge. Lakini neno liliniganda, na sababu ya kuniganda haikuwa hisa. Ilikuwa shamba.

Tuna shamba Marui, upande wa Kisarawe, aliloliacha mama yetu. Analilima mdogo wangu wa kiume, ambaye naye sasa ni mzee. Mama amezikwa pale pale, pembeni, chini ya minyaa. Siku hizi magari ya watu wasiojulikana yanapita Marui, wanashuka vijana wenye miwani, wanauliza nani anauza eneo. Majirani wameuza. Mdogo wangu alikuwa hajauza, ila alishanitamkia. Alinipigia simu akasema, "Dada, nimechoka. Mananasi ya mwaka jana yalinitupa. Haya yaliyopo shambani yakinitupa na yenyewe, nauza shamba, usinilaumu."

Nilimwelewa. Mgongo ni wake, jembe ni lake. Lakini kumwacha mama ndani ya kiwanja cha mtu, ukutani kwa mtu, niombe funguo kwenda kumsomea dua, hilo sikuliweza. Mananasi yalikuwa yanakaribia, na Ramadhani ilikuwa inakaribia pia. Kila mtu anajua mfungo ukiingia nanasi linapanda bei, maana hakuna futari ya mjini isiyo na tunda. Shauri langu lilikuwa dogo: asimuuzie mtu sasa, asubiri mfungo. Ila mimi ni mtu wa kuambiwa "dada, wewe unaishi mjini, hujui." Nikaona nimchukue mke mwenzangu, msomi wa soko, akamwambie kwa lugha ya soko avute subira. Sikumuuliza kwanza anafikiri nini. Nilijua anafikiri kama mimi, si nimemlea?

Kabla sijafika shambani, nieleze jambo moja ambalo vijana hawalijui.

Kwetu, mnyama mharibifu hatajwi shambani. Usiku nyoka si nyoka, ni ukuti, hilo hata watu wa mjini wanalo. Lakini mama yetu alizidi. Kwake nguruwe pori walikuwa "wageni", nyani walikuwa "watoto wa jirani". Ungemsikia asubuhi akisema, "Wageni wamepita jana, wamekula mihogo," usingejua kama amefurahi au amechukia. Mtoto akikosea akataja jina, alipigwa kibao hapo hapo, halafu mama akatema mate kidogo pembeni. Alisema mnyama ana masikio, na akiitwa jina lake huitika. Mimi sina hakika kama niliamini. Nilitii tu, na kutii kukikaa sana kwa mtu, huwezi kukutenganisha na kuamini.

Tulikwenda siku ya Jumapili, tukapitia Mlandizi, tukakata kuingia upande wa Kisarawe, mwisho tukapanda pikipiki, mimi nimekaa upande na kanga nimeifunga mpaka shingoni kwa vumbi. Tulimkuta mdogo wangu shambani, na hakuwa peke yake. Tajiri wa mananasi alikuwa ameshafika. Huku tajiri ni jina la mnunuzi tu, hata kama viatu vyake vimetoboka. Ameegesha lori lake la Kenta barabarani, amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, anakula nanasi letu kwa kisu chetu.

"Shikamoo babu," mjukuu akasema.

"Marahaba mke wangu," mdogo wangu akajibu. "Leo umemkumbuka mumeo wa shamba?"

Majirani wawili waliokuwa wanapalilia mpakani nao wakasogea, maana panapokuwa na tajiri hakuna wa kubaki mbali. Tajiri akarudia alichokuwa anasema: anataka kununua shamba zima kama lilivyo, akate mwenyewe, alipe leo. Akataja bei ya kila nanasi. Haikuwa mbaya, haikuwa ya mfungo.

"Mimi nangoja Ramadhani," mdogo wangu akasema. Alisema huku ananitazama mimi, kama mtoto anayejibu swali la mwalimu.

Nikamgusa mjukuu kiwiko. "Haya. Mwambie babu yako habari za soko."

Mtoto yule akatazama shamba. Akatazama la jirani wa kulia, akatazama la jirani wa kushoto. Akamuuliza babu yake kama njia yote tuliyopita watu wamepanda mananasi. Akajibiwa ndiyo, mwaka ule kila mtu alipanda. Akauliza kama wote wanangoja Ramadhani. Akajibiwa ndiyo, wote.

"Basi babu, nikisema ukweli, mimi juu ya mananasi ni dubu."

"Ni nani?"

Akaeleza. Alieleza vizuri, kuliko alivyonieleza mimi, kwa mikono na kwa mifano: wote wakisubiri siku moja, siku hiyo mananasi yatajaa mjini mpaka yakose pa kuwekwa, bei itaporomoka, na anayejua hivyo huuza mapema. Soko la dubu linakuja, alisema. Akalirudia jina lile katikati ya shamba la mama yangu, kwa sauti, jua likiwa juu, dubu, dubu. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nikaushusha. Mtu mwenye kazi Dar humpigi kibao mbele ya tajiri. Lakini nilitema mate pembeni, na mdogo wangu akaniona, naye akatema.

Tajiri alikuwa ameacha kutafuna.

"Dada huyu anafanya kazi wapi?" akauliza.

"Ofisi za hisa," mmoja wa majirani akamjibu, kwa fahari kama mtoto ni wake.

"Ndiyo maana. Basi mzee, ile bei niliyoitaja ilikuwa kabla sijasikia habari hizi." Akataja nyingine, ya chini.

"We!" nikasema. "Habari umezisikia sasa hivi, nanasi limebadilika lini?"

"Bibi, mimi sina neno. Mwenye elimu ndiye amesema."

Majirani wakatazamana. Mmoja akasema amekumbuka ana kazi nyumbani, akaondoka kwa haraka ambayo sijamwona nayo maisha yake yote, na kumbe hakwenda nyumbani. Alikwenda kumsubiri tajiri barabarani, penye Kenta.

Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, mkubwa ni wewe. Sema. Nikate au nisikate?"

Hapo ndipo watu wa ukoo wanaponisifu hadi leo, wakisema bibi alitumia hekima. Sikutumia hekima yoyote. Kichwa kilikuwa kimejaa nyuki. Mtoto niliyemleta aseme subiri alikuwa amesema uza. Tajiri aliyekuja kununua alikuwa amejifunza neno kwetu akatupiga nalo. Na mama alikuwa pale chini ya minyaa anasikia mnyama anatajwa. Nikasema, "Kata nusu. Nusu iache." Mtu aliyechanganyikiwa hukata vitu katikati.

Wakakata nusu, kwa bei ile ya chini.

Tuliporudi nyumbani nikamwuliza mjukuu jambo moja tu.

"Yule mnyama wako. Ulimwona anakuja, au umemwita?"

Alifikiri muda mrefu. Nilimheshimu kwa hilo, maana wasomi wengi hujibu kabla swali halijakaa.

"Nilimwona," akasema. Kisha akasema, "Nilidhani nimemwona." Kisha, "Bibi, hata ofisini swali hilo hatulijui. Wakubwa wakisema bei itashuka, watu wanakimbilia kuuza, inashuka. Baadaye wanasema, si tuliwaambia?"

"Na hawapigwi kibao?"

"Wanaongezwa mshahara."

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Usiku ule hakula vizuri. Alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba sasa shamba lenyewe linategemea ile nusu iliyobaki.

Siku zilizofuata mdogo wangu akawa ananipigia simu. "Dada, yule mgeni wa mke wangu amefika." Alikuwa hamtaji, unaona, alishamweka pamoja na wageni wa mama. "Anatembea shamba kwa shamba. Kila mtu anakata. Wanakata hata yasiyokomaa. Kenta zinapishana hapa kama harusi." Na bei? "Inashuka kila asubuhi. Mwenzetu wa mpakani ameuza yote kwa bei ya kutupa, na sasa kijana mwenye miwani anapima eneo lake."

Mtani alipoambiwa alishika kiuno. "Haya mambo ni yenu Wazaramo. Mnyama hayupo hata kwenye mbuga za Tanzania, nyie mmeshamkimbia mkaacha mashamba!" Nikamwambia aende zake. Lakini alikuwa amesema kweli iliyonisumbua. Nguruwe akila shamba, kwato zake unaziona. Huyu alikuwa amekula Marui nzima na hakuacha hata unyoya.

Nilikaa nikiyageuza hayo peke yangu. Nikiwa upande wa mama, nasema mtoto alimwita, akaja. Nikiwa upande wa mtoto, nasema mananasi yalikuwa mengi kweli, asingesema yeye angesema mwingine. Nikichoka na pande zote mbili, nasema tajiri ndiye dubu, kama wale wa ngozi: alikuwa na haja ya bei kushuka, akapewa sababu. Halafu namkumbuka mdogo wangu na mgongo wake, naona majina yote hayo hayamsaidii.

Mfungo ukaingia. Nusu yetu ilikuwa bado shambani, inageuka rangi ya manjano chini, tamu. Na kabla ya kukata, wageni wakaja. Wageni wenyewe, wa mama, wale wa kwato. Wakavamia mistari ya mwisho upande wa bondeni, wakala wakasaza. Mdogo wangu alinisimulia kwa simu akiwa na uchungu. "Dada, hawa hatujawataja! Mwaka mzima hakuna aliyewataja!" Yule aliyetajwa amekuja, wasiotajwa nao wamekuja. Mama yangu angekuwa hai ningemuuliza, na najua angenipiga kibao kwa kuuliza.

Yaliyobaki yaliuzwa. Bei haikuwa kama ya miaka ile ya sifa, wala haikuwa ile ya kutupa ya wenzetu. Ilikuwa bei ya kati, ya kumwacha mtu alipokuwa. Kwa nini ilikuwa hivyo, kila mtu ana yake. Tajiri, alipokuja, alisema ni kwa sababu Marui nzima ilikwisha kukata mapema, ndiyo maana tuliobaki tukapata. Mdogo wangu alisema ni Ramadhani na baraka zake. Mtani alisema dubu alikosa pikipiki ya kumfikisha Kisarawe mara ya pili. Mke mwenzangu alipoulizwa alisema hajui. Yeye peke yake ndiye aliyesema hajui, na ndiye aliyesoma.

Nikampigia mdogo wangu. Sikutaka kuzunguka.

"Unauza shamba au huuzi?"

Nikasikia kuku wake kwanza.

"Sikupata, sikukosa," akasema. "Mtu hauzi shamba kwa hilo. Angalau si mwaka huu. Leteni mikono, nataka kupanda maotea."

Tukaenda. Mimi sipandi tena, magoti hayakubali, nilikaa karibu na minyaa nikachambua maotea, yale machipukizi ya mananasi, yaliyo mazuri, nikamsomea mama kidogo. Mjukuu alivua viatu vyake vya ofisi, akajifunga kanga yangu, akainama kwenye mstari nyuma ya babu yake. Mpakani, kwenye lile eneo lililouzwa, palikuwa na fundi anapanga matofali, na jirani yetu wa upande mwingine alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama kutusalimu, akaegemea, kama mtu asiye na haraka ya kuondoka.

Mdogo wangu akanyoosha mgongo. "Mke wangu," akasema, "mwaka huu wasemaje? Nipande sana au kidogo? Bei itakuwaje?"

Mtoto akainua kichwa. Akamtazama yule wa baiskeli. Akatazama minyaa. Akachukua otea jingine, akalishindilia udongo kwa kisigino.

"Nitakuambia tukifika nyumbani, babu."

Mdogo wangu akacheka, akaniangalia mimi. Mimi sikucheka, kwa sababu sikujua kama mtoto anatudhihaki, au anaogopa, au amejifunza jambo ambalo mimi mwenyewe sijui kama ni la kweli. Nilimchunguza uso. Ulikuwa na udongo tu.

Tumefika nyumbani zamani. Mpaka leo sijamwuliza, na yeye hajasema.